Barabara Ikikatika Upande wa Bangboka, Pesa ya Kuirudisha Inatoka Wapi?

Bandugu wa chama, kila msimu wa mvua mjadala ni uleule katika magrupu yetu. Mmoja anatuma picha ya kamio imezama kwenye potopoto, wa pili anauliza "leta iko wapi?", wa tatu anajibu kwamba bakubwa wamekula, na kesho yake tunarudi kwenye mpira. Mimi sikatai hasira, ina sababu. Lakini hasira isiyojua pesa inapita njia gani haiwezi kumuuliza mtu swali linalomsumbua. Kwa hiyo leo naomba tufanye hesabu pamoja.

Tuchukue mfano, na nasisitiza ni mfano, mtu asikimbie kusema nimetangaza habari. Tuseme usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja mvua kubwa inanyesha, na asubuhi dalo moja, ile daraja ndogo ya beto inayopitisha maji chini ya barabara, imebebwa kati ya mji na uwanja wa ndege wa Bangboka. Ni umbali mdogo, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji. Lakini Kisangani kwa njia ya mto iko kilomita 1,700 hivi kutoka Kinshasa, na aliyewahi kupanda balenyeri anajua kwamba safari hiyo inahesabiwa kwa majuma, si kwa siku. Dawa ya haraka, sampuli za maabara, mgonjwa anayepelekwa Kinshasa, vipuri vya mashine, vyote vinapita Bangboka. Na upande wa pili wa shimo kuna mama mwenye mihogo, ndizi na makala, ambaye kila asubuhi anategemea toleka au moto kufika sokoni. Kwake yeye kilomita 17 zikikatika, siku yote imepotea, na sisi huku mjini bei inapanda saa ileile.

Sasa swali la kwanza ambalo watu hawaulizi: barabara hiyo ni ya nani? Si swali la sheria tu, njo swali linaloamua nani atatoa pesa. Kwa inchi yetu, barabara za kitaifa na zile kubwa za jimbo, nje ya miji, ziko mikononi mwa Office des Routes: kilomita 58,129 kwenye karatasi. Ndani ya mji ni OVD, Office des Voiries et Drainage. Njia za vijijini za kutolea mazao zina huduma yao nyingine tena. Juu yao kuna serikali ya jimbo, na jimbo letu la Tshopo ndilo kubwa kuliko yote, karibu kilomita za mraba 200,000. Dalo ikibebwa mahali ambapo mji unaishia na pori linaanza, kila ofisi inaweza kusema kwa adabu kabisa kwamba hiyo si sehemu yake. Barua zinaanza kutembea, na maji nayo yanaendelea kula udongo.

Bon, tuseme wamekubaliana. Pesa ya kwanza tunayoifikiria ni FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, ulioanzishwa kwa sheria ya mwezi wa saba 2008. Unalishwa hasa na pesa inayokatwa kwenye mafuta ya gari na ile ya peaje. Maana yake kila mwenye moto anayenunua lita moja pale mjini anachangia, hata kama hajui. Wazo ni zuri: anayetumia barabara analipa barabara. Lakini soma jina lake vizuri: ni mfuko wa matengenezo. Matengenezo ni kufyeka majani, kusafisha mifereji, kuziba mashimo, kurudisha mgongo wa barabara ili maji yashuke pembeni. Ni kazi ya kila mwaka, na pesa yake inapangwa mwaka mzima mbele. Janga halipangwi. Ukitoa pesa ya FONER kujenga dalo iliyobebwa Bangboka, umeitoa kwenye mifereji ya mahali pengine, na mwaka ujao mahali pale pengine patakatika. Njo vile tunazunguka.

Wengine watasema: basi jimbo litoe. Hapa tukumbuke Katiba ya 2006. Kifungu cha 175 kinasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, yakikatwa pale pale yanapopatikana. Kifungu cha 181 kinaongeza mfuko wa usawazishaji, asilimia 10 ya mapato ya taifa, kwa ajili ya miradi ya majimbo. Kwenye karatasi Tshopo ingekuwa na pesa ya kutengeneza dalo nyingi. Kwa vitendo, pesa inapanda kwanza Kinshasa yote, halafu inashuka kidogo na kwa kuchelewa, na sehemu kubwa ya kinachoshuka inaenda kwenye mishahara na kuendesha ofisi. Kila gavana aliyewahi kukaa kwenye kiti, katika jimbo lolote, amelia kilio hicho. Wakati mwingine kilio ni kisingizio, lakini wakati mwingine ni kweli tupu.

Kwa hiyo dalo yetu bado iko ndani ya mto. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu njo penye mafundisho mingi.

Baada ya janga kuna kazi tatu, na kila moja inataka pesa ya namna yake. Kazi ya kwanza ni kupitisha watu: mawe, magogo, mabomba ya chuma, changarawe, chochote gari ndogo ipite. Hiyo inatakiwa ndani ya siku chache. Ya pili ni kurudisha barabara ilivyokuwa, kazi ya miezi. Ya tatu ni kuijenga isibebwe tena, na hiyo inaweza kuchukua mwaka mmoja au miwili, kwa sababu lazima mtu apime mto na si barabara peke yake. Kosa la kwetu ni kwamba mara nyingi tunaishia kwenye kazi ya kwanza na kuiita ya tatu. Magogo ya dharura yanabaki miaka kumi. Siku moja kamio yenye tani nyingi kuliko ruhusa inapita, magogo yanavunjika, na sote tunasema "ajali".

Angalia wenzetu. Uganda, mwezi wa tano 2023, mto Katonga ulifurika na kula barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka, njia ya Mbarara na Rwanda. Mamlaka ya barabara iliifunga, magari yakazungushwa kupitia Mpigi, Kanoni na Sembabule, mzunguko mrefu kweli kweli. Kwanza wakatengeneza pa kupita, daraja la kudumu likafuata kama kazi nyingine, yenye bajeti yake. Tanzania, mwezi wa tano 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara pale Somanga. TANROADS walirudisha mawasiliano kwanza, halafu ujenzi wa madaraja ya kudumu ukaendeshwa kwa pesa ya dharura iliyokuwa imetegwa ndani ya mkopo wa Benki ya Dunia. Sisemi wenzetu ni malaika. Nasema tu walikuwa na mlango wa kugonga usiku ule, na mlango huo ulitengenezwa kabla ya mvua.

Mlango huo unaitwa CERC. Maana yake, kwa Kiswahili cha kawaida: ndani ya mradi mkubwa unaofadhiliwa na Benki, wa barabara au wa kilimo au wa maji, munaweka kipengele kimoja ambacho mwanzoni kina sifuri dola. Janga likitokea na serikali ikalitangaza na kuomba rasmi, pesa ya mradi ambayo bado haijatumika inahamishiwa kwenye kile kipengele. Hakuna haja ya kuanza mradi mpya ambao ungechukua miaka miwili kusainiwa. Ni haraka. Lakini tusidanganyane, si pesa mpya: shule au kisima kilichokuwa kipate ile pesa kinasubiri. Na inchi isiyo na mradi unaotembea haina cha kuhamisha.

Nikitaka kuelezea mambo haya nyumbani, natumia ugonjwa. Mtoto akipata malaria, unafungua kopo la akiba. Akitakiwa kupasuliwa, akiba haitoshi, unaenda kwa mtu ambaye mulishakubaliana tangu zamani kwamba siku ya shida atakukopesha, na zamu yako ya likelemba unaiomba ije mbele. Likiwa jambo kubwa kabisa, la mara moja katika maisha, unategemea mutuelle uliyoichangia miaka yote, au ndugu aliye Ulaya atume Western Union. Familia yenye akili haingoji ndugu wa Ulaya kwa malaria. Na haiwezi kulipia upasuaji kwa kopo.

Serikali ni vilevile. Mvua ya kawaida inayobeba dalo moja ni malaria: inatakiwa kutoka kwenye akiba ya bajeti, ya taifa na ya jimbo, pesa iliyokaa tayari. Janga la kati, lile linaloharibu barabara za majimbo mawili matatu, linataka mkopo uliokubaliwa mapema. Kenya ilifanya hivyo mwezi wa sita 2018: Benki ya Dunia iliwaidhinishia dola milioni 200 ambazo hawazichukui mpaka janga litokee. Hiyo njo maana ya kukopa ukiwa mzima, si ukiwa kitandani. Na janga kubwa la nadra linataka bima. Afrika ina chombo chake, African Risk Capacity, cha Umoja wa Afrika, tangu 2012. Inchi inalipa mchango kila mwaka, na hali ya hewa ikivuka kipimo fulani inalipwa.

Bima hiyo ina mtego wake. Hailipi kwa kuhesabu madaraja yaliyoanguka, inalipa kwa mahesabu ya kompyuta juu ya mvua na mazao. Malawi walilijua hilo kwenye ukame wa 2016: watu walikuwa na njaa, kompyuta ikasema hakuna malipo. Mpaka mahesabu yaliporekebishwa ndipo wakapata dola milioni 8 na kidogo, kwa kuchelewa. Kwa barabara zetu bima ya namna hiyo peke yake haitoshi.

Mutaniuliza: na ndugu wa Ulaya je? Wafadhili wapo, na wametusaidia kweli. Mradi wa Pro-Routes, wa Benki ya Dunia na Uingereza, tangu 2008, ulifungua barabara nyingi zilizokuwa zimegeuka pori. Lakini pesa ya mtu mwingine ina masharti yake, na inaweza kusimama. Mwezi wa kumi na moja 2017 Benki ilisimamisha malipo ya kazi za ujenzi za mradi huo, baada ya madai ya ukatili wa kijinsia dhidi ya wanawake na wasichana kwenye ujenzi wa barabara ya Bukavu na Goma. Kusimamisha kulikuwa sawa, kwa maoni yangu. Barabara isijengwe juu ya mwili wa mtoto wa mtu. Lakini barabara yenyewe ikakaa inangoja. Na ni kwenye mhimili huohuo wa RN2, mwezi wa tano 2023, ambapo maji na mawe yalishuka Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, yakaua watu zaidi ya 400. Simaanishi lami ingewaokoa. Namaanisha kwamba siku ile ya kupeleka msaada, barabara nayo ilikuwa imeumia.

Kuna pia pesa ya shaba. Mkataba wa Wachina, ule wa Sicomines wa 2008, ulirekebishwa mwezi wa tatu 2024: dola bilioni 7 kwa miundombinu, hasa barabara, kwa mafungu ya milioni 324 kila mwaka mpaka 2040. Hesabu hiyo inavutia. Soma lakini sharti: mafungu yanategemea bei ya shaba sokoni. Bei ikianguka, barabara inangoja. Mvua haijui bei ya shaba London.

Kenya wametuonyesha njia nyingine, na hapa mimi nasita. Mwezi wa saba 2024 walipandisha kodi ya barabara kwenye mafuta kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Halafu 2025 wakachukua shilingi 7 kati ya hizo, za miaka inayokuja, wakazitoa kama dhamana ili wapate sasa hivi shilingi bilioni 175 za kulipa makampuni yaliyokuwa yanadai. Kazi zilizosimama zikaanza tena. Ni kama kuuza mavuno kabla ya kulima. Kwa inchi yenye hesabu safi ni chombo cha maana. Kwa FONER yetu, ambayo hata leo ni vigumu kwa raia wa kawaida kuona imeingiza ngapi na imetoa ngapi kwa kila jimbo, mimi ningengoja kwanza.

Turudi kwenye dalo. Kujenga inayohimili ni kitu gani hasa? Mara nyingi si lami. Hapa kwetu adui ni maji, na kazi ni kuyapa njia. Dalo iwe pana kuliko ile iliyobebwa, kwa sababu iliyobebwa ilipimwa kwa mvua za zamani. Kingo zishikwe na mawe au gabioni. Mifereji ya pembeni iwe na mahali pa kumwaga, si kuishia kwenye shamba la mtu. Barabara ya udongo iwe na mgongo. Na baria ya mvua iheshimiwe: mvua ikinyesha kamio zingoje saa kadhaa, udongo ukauke. Hiyo baria ni teknolojia ya bei rahisi kuliko zote. Tatizo lake ni moja tu: mwenye kamio akitoa kitu kidogo, inafunguliwa.

Je, ni ghali? Benki ya Dunia ilipiga hesabu mwaka 2019 kwa inchi maskini na za kati: kujenga miundombinu inayohimili kunaongeza karibu asilimia 3 tu juu ya gharama yote, na kila dola moja inarudisha dola nne kwa wastani. Ni wastani wa dunia, si wa Tshopo, kwa hiyo musiuchukue kama Injili. Lakini unatosha kumjibu mtu anayesema "hatuna uwezo wa kujenga vizuri". Kujenga vibaya mara tatu ndiko hatuwezi.

Na mvua hazitakuja ndogo. Mwezi wa kwanza 2024 mto Congo ulifika mita 6.20 Kinshasa, karibu kabisa na rekodi ya 1961 ya mita 6.26, na watu wa karibu majimbo yote ya mto walihama. Uvira, mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulibeba nyumba na madaraja kwa usiku mmoja. Hapo sijaongeza volkano: Nyiragongo ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ilimwaga lava juu ya barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Mtu anayetunga bajeti bila mstari wa majanga, kwa inchi hii, anaandika hadithi.

Kuna jambo moja ambalo wanasiasa hawalipendi. Dalo isiyobebwa haina sherehe. Hakuna anayekata utepe kwa sababu maji yamepita salama. Kampuni nazo zinapenda dharura, kwa sababu sheria ya masoko ya umma ya 2010 inaruhusu kutoa kontra bila mnada pakiwa na uharaka. Ruhusa hiyo ni ya lazima, huwezi kutangaza mnada wa miezi watu wakiwa wamekatika. Lakini njo mlango ambao panya wanapita. Programu ya dharura ya siku 100 ya mwaka 2019, yenye barabara na madaraja ya juu ya Kinshasa, iliishia kwenye kesi za 2020 ambazo inchi nzima ilizifuata kwa televisheni. Uharaka wa kweli una tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, bei inaandikwa, na baada ya kazi kuna mtu wa nje anayepima.

Sehemu ndogo ya pesa, lakini muhimu, ni ile ya mikono. Zile kamati za matengenezo za vijiji, CLER, na wakantonye wenye majembe na mabaro wanaolipwa kusafisha kipande chao cha barabara, wanaokoa mingi kuliko tunavyofikiri. Dalo nyingi hazibebwi kwa sababu ni dhaifu. Zinabebwa kwa sababu zimezibwa na matawi na udongo, maji yakakosa tundu, yakapanda juu na kuchimba pembeni. Kantonye asipolipwa miezi sita anarudi shambani kwake, na ana haki.

Sasa, sisi tulio na diploma, wengine bado tunazunguka na bahasha. Kikao cha bajeti cha bunge la jimbo kinaanza mwezi wa tisa. Edi ya bajeti ni hati ya umma, na kati yetu kuna watu wa uchumi, sheria na ujenzi wanaoweza kuisoma kwa jioni tatu. Ningependa tutafute ndani yake vitu vinne: kama kuna mstari wa akiba ya majanga na kiasi gani kilitumika mwaka uliopita; FONER imetuma ngapi Tshopo na zimeenda barabara gani; ni nani kwa maandishi anayeshika kipande cha mji hadi Bangboka; na wakantonye wanadai miezi mingapi. Ikikosekana nakala, tuiombe kwa barua yenye muhuri wa chama, na barua yenyewe tuibandike hapa pamoja na tarehe iliyopokelewa. Wanaoweza kushika kazi hiyo waandike majina kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi wa nane.